Kioo cha kukanyagwa juu ya chumba cha ndani

Swali: Assalaam alaikum. Tunakarabati nyumba ya mawe tuliyorithi hapa Mkomani, Lamu. Chumba cha ndani ni kiza mchana kutwa. Nataka tutoboe sakafu ya juu, pale tunapoanika, niweke kioo cha mita 1 kwa 1.4 ambacho watu wanaweza kupita juu yake. Fundi wa aluminiamu kutoka Malindi anasema kioo cha temperi cha milimita 12 kinatosha. Upande wa bahari nataka kubomoa ukuta wa kukinga niweke kioo ili tuone maji. Na nimeona picha za vioo vyenye kitambaa ndani yake: yawezekana kwa kanga? Naogopa chumvi na joto.

Jibu: Wa alaikum salaam, dada. Kioo cha sakafuni kinawezekana, ila si hicho cha milimita 12. Cha ukingoni upande wa bahari, kwa nyumba ya Mkomani, usikiweke. Kanga inawezekana, lakini iwe mahali pasipopigwa jua wala mvua.

Nianze na fundi, maana kosa lake ni la kawaida na ni la hatari. Kioo cha temperi hupashwa moto kupita nyuzi 600 kisha kikapulizwa hewa baridi ghafla. Ngozi yake ya nje hubaki imebanwa na moyo wake umevutika. Hapo ndipo kinapata nguvu mara nne au tano ya kioo cha kawaida, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake: kikivunjika huvunjika chote kwa mpigo mmoja, vipande vidogo vidogo visivyoshikana, na aliye juu yake hushuka navyo. Wala si lazima kipigwe. Mara chache chembe ndogo ya nikeli salfaidi hubaki ndani ya kioo tangu kiwandani, ikavimba taratibu, na kioo kikapasuka chenyewe miezi au miaka baadaye. Kwa mlango wa bafu hilo ni la kufagia. Kwa sakafu iliyo mita tatu juu ya kitanda, halivumiliki.

Unachohitaji ni kioo cha lamineti: vioo viwili au zaidi vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki, ndani ya tanuri la shinikizo, kwa nyuzi 140 hivi na baa 12 hadi 14. Ufundi wenyewe ni wa zamani. Mfaransa Édouard Bénédictus alipata hataza yake mwaka 1909. Kipya ni kile wasanifu wanachothubutu kufanya nacho siku hizi: ngazi za vioo za duka la Apple la SoHo, New York, mwaka 2002, vibaraza vya kioo vinavyochomoza ghorofa ya 103 ya jengo la Willis Tower, Chicago, mwaka 2009, daraja la Zhangjiajie huko China, lenye urefu wa mita 430, mwaka 2016. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichojengwa kwa kuamini kwamba kioo hakitavunjika. Mhandisi huanza kwa kukivunja katika hesabu zake, kisha hujiuliza kilichobaki kitabeba nini na kwa muda gani. Mwaka 2014 chupa ilianguka kwenye sakafu ya kioo ya Tower Bridge, London, ikapasua tabaka la juu. Tabaka hilo liliwekwa hapo liumie kwa niaba ya mengine. Lililovunjika likabadilishwa, na hakuna aliyeanguka.

Kwa hiyo sakafu yako iwe na vioo vitatu, si kimoja. Mpe mhandisi kipimo hiki cha kuanzia, yeye akithibitishe kwa hesabu: vioo vitatu vya milimita 10, vilivyokazwa nusu, na utando wa milimita 1.52 kati ya kila viwili. Kukazwa nusu maana yake kimepashwa moto kama temperi lakini kikapozwa polepole zaidi. Nguvu yake ni mara mbili hivi ya kioo cha kawaida, na kikipasuka hutoa vipande vikubwa vinavyoegemeana. Vyote vitatu vikiwa temperi na vikapasuka, utando laini hubaki na chenga tu, na kioo chote hulegea kama nguo iliyolowa. Hesabu ifanywe huku tabaka la juu likichukuliwa kuwa halipo, kwa uzito wa kilo 400 kwa mita mraba, na tena kwa kilo 200 zilizokaa mahali padogo, mfano mguu wa ngazi ya fundi wa rangi.

Utando nao una aina, na hapa pwani uchaguzi huu una uzito kuliko unene wa kioo. Wa kawaida ni PVB. Huuzwa kwa tabaka la milimita 0.38, kwa hiyo 0.76 ni mbili na 1.52 ni nne. Hunasa vipande vizuri na huzuia karibu miale yote mikali ya jua (urujuanimno), lakini joto likipita nyuzi 25 huanza kulegea, na kioo kilicholala juani Lamu hufika nyuzi 50 bila shida. Vioo viwili vya milimita 8 vilivyoshikana barabara hupinda kama kioo kimoja cha 16. Utando ukilegea kabisa, kila kimoja hupinda peke yake, na viwili kwa pamoja vinakuwa na ukakamavu wa kioo kimoja cha milimita 10 tu. Kwa hiyo ukiletewa jedwali la unene lililoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, usilipokee. Mwambie mhandisi ahesabu vioo kana kwamba havijashikana, au alipie utando mgumu wa ayonoplasti, unaojulikana kwa jina la SentryGlas, ambao huanza kulainika kwenye nyuzi 55 hivi na hustahimili unyevu ukingoni vizuri zaidi. Ni ghali na huenda ukaagizwa kutoka nje. Kwa sakafu ndogo kama yako, iliyoegemea pande zote nne, PVB iliyohesabiwa kana kwamba imelegea kabisa inatosha. Pesa inayobaki iende kwenye fremu.

Sasa tundu lenyewe. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya Lamu, ndiyo maana ni virefu na vyembamba, na hizo hizo zimebeba tabaka zito la mawe ya matumbawe na chokaa. Tabaka la sentimita 25 hukaribia au kupita kilo 400 kwa mita mraba. Ukikata boriti nne upate tundu safi, mzigo wake wote unahamia kwa jirani zake mbili, ambazo huenda mchwa ameshazianza. Ushauri wangu ni usikate hata moja. Ondoa mawe na chokaa juu yake tu, safisha boriti, gonga kila moja ukisikiliza uvungu, na uache mwanga upite katikati yake. Kioo chenye unene wa milimita 30 kina kilo 75 kwa mita mraba, kwa kuwa kila milimita ya kioo ni kilo 2.5, kwa hiyo boriti zinapumua kuliko kuelemewa. Chumbani utapata mistari ya mwanga na kivuli inayotembea ukutani na jua. Kwa macho yangu hilo ni zuri kuliko tundu jeupe la mraba, na wenye dhamana ya uhifadhi watakusikiliza zaidi. Mji wa Kale uko katika orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo peleka mchoro kwenye ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho kabla ya mtu kuinua nyundo.

Usitengeneze kipande kimoja cha mita 1 kwa 1.4. Kifanye viwili vya mita 1 kwa 0.7. Kimoja kitakuwa na kilo 53 hivi, watu wanne wanakipandisha ngazi za nyumba ya Mkomani bila kugonga kona, na kikipasuka unabadilisha nusu. Agiza na cha tatu cha akiba sasa hivi, katika oda ile ile.

Kuhusu joto: Lamu jua huwa utosini kabisa katikati ya Machi na tena mwisho wa Septemba, na kioo kilicholala hulipokea lote. Mita mraba 1.4 za kioo cheupe huingiza karibu kilowati moja saa sita mchana, sawa na kuacha pasi ya umeme inawaka chumbani. Isitoshe, hicho ni chumba cha ndani, chenye sitara kuliko vyote nyumbani, nawe unataka kukifungulia dirisha kwa yeyote anayeanika nguo juu. Na anayeanika naye anatazamwa kutoka chini. Dawa ya mambo hayo mawili ni moja: tabaka mojawapo la utando liwe jeupe la maziwa. Mwanga unaingia umetawanyika, sura hazionekani, na joto linapungua kiasi. Kioo cha juu kichomewe madoa ya rangi ya kauri yenye ukwaru ili mtu asiteleze miguu ikiwa na maji. Madoa ya kubandika hung'oka. Kisha acha upenyo wa hewa kati ya fremu na boriti, uliofunikwa wavu wa mbu, joto litoke na mikoko isioze kwa jasho.

Utando mweupe hunyonya joto, na hili lina madhara yake. Katikati ya kioo panakuwa moto huku ukingo uliofichwa kwenye fremu umebaki baridi, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Kioo cha kawaida huvumilia tofauti ya nyuzi 40 hivi, kilichokazwa nusu huvumilia 100. Ndiyo sababu nyingine ya kutokubali kioo cha kawaida hata ukiambiwa ni kinene. Ukingo wake usuguliwe kiwandani, maana ufa wa joto huanzia kwenye kijino kimoja kilichosahaulika.

Tumefika kwenye fremu, na hapa naomba usome polepole. Pwani kioo cha lamineti hufa kutoka ukingoni. Utaona ukungu mweupe unaanza pembeni na kuingia ndani, halafu vipovu, halafu vioo vinaachana. Chanzo karibu kila mara ni maji yaliyokaa kwenye mfereji wa fremu, au silikoni isiyofaa. Silikoni ya bei rahisi inayonuka siki hushambulia utando. Tumia ile isiyo na asidi, isiyonuka siki, na umtake fundi akuonyeshe maandishi ya kasha kabla hajalikata mdomo.

Fremu iwe ya stenlesi daraja la 316. Ile ya 304, inayouzwa kila duka, hugeuka rangi ya chai mapema sana karibu na bahari. Usikiweke kioo chini sawa na sakafu. Kinyanyue sentimita 40, kikae juu ya kibaraza cha mawe. Mvua ya masika haikifikii kwa mafuriko, mtoto hakimbii juu yake kwa bahati mbaya, na jioni ni mahali pa kukaa. Hesabu ya mzigo ibaki ile ile, kwa sababu watu watapanda tu.

Kioo kikalie mpira mgumu wa EPDM, upana wa milimita 30 au zaidi pande zote nne, kisigusane na chuma popote. Pembeni acha nafasi ya milimita 10 kati ya kioo na fremu, na kati ya vipande viwili vile vile. Nafasi hiyo ijazwe kamba ya povu kisha silikoni juu yake. Bila kamba hiyo, silikoni hushika pande tatu na kupasuka katikati. Chini ya kioo, ndani ya fremu, toboa matundu ya kutolea maji ya milimita 8 hadi 10 kila sentimita 40, na uyaelekeze nje. Fundi akisema silikoni yake haipitishi maji kwa hiyo matundu hayana haja, toboa. Silikoni huzeeka, maji hayazeeki. Na asijaze fremu kwa saruji wala chokaa, hata kwa kusudi la kuikaza tu: ni ngumu, hushika maji, na ukali wake hula kioo. Kwa sababu hiyo hiyo, kama kuna lipu ya chokaa inayoendelea ukutani, funika kioo kabisa. Tone la chokaa bichi likikauka juu ya kioo huacha baka lisilotoka kwa sabuni yoyote.

Ukingo wa bahari sasa. Kiufundi kioo cha ukingoni ni kazi inayojulikana: vioo viwili vya milimita 10, temperi iliyopitishwa tanurini mara ya pili ili vile vyenye nikeli vivunjikie kiwandani, utando wa ayonoplasti wa 1.52, kimo cha mita 1.1, na mkono wa juu unaounganisha vipande vyote ili kimoja kikivunjika kisining'inie peke yake. Hubebeshwa mzigo wa kilo 75 kwa kila mita ya urefu ukisukuma upande wa juu. Kwenye hoteli ya Malindi iliyo mbele ya bahari ningekubali, mradi mfereji wa chini uwe na matundu ya maji na mtu wa kuusafisha. Kwako nakataa kwa mambo mawili. Nguvu yote ya ukingo wa kioo huishia kwenye mizizi yake, na mizizi ingekuwa kwenye kichwa cha ukuta wa matumbawe na chokaa ambao nguzo za kutia boliti huuchimbua kidogo kidogo kila kusi ikivuma. Pili, utaonekana mbali kutoka ufukweni, na sioni ukipata kibali. Ukitaka kuona maji, acha ukuta, inua kibaraza cha kukalia. Gharama ni chokaa na mawe.

Kabla ya kulipa oda yote, omba kiwanda kikupe kipande cha sentimita 30 kwa 30 chenye utando ule ule. Kiweke wima kwenye sufuria kubwa ya pilau, kisigusane na chini, maji ya nyuzi 65 kwa dakika tatu, kisha kwenye maji yanayochemka kwa saa mbili. Kioo kupasuka si neno. Unachotafuta ni vipovu. Vikitokea ndani zaidi ya milimita 13 kutoka ukingoni, gundi haijashika au utando ulikuwa na unyevu siku ulipogandishwa, na oda hiyo usiipokee. Ni jaribio la viwanda vya vioo vya magari, na jikoni linafanyika vizuri. Vipande vikifika, tazama ukingo kwa tochi: mistari miwili ya utando lazima ionekane. Vaa miwani ya jua ya polaroidi utazame anga kwenye kioo. Madoa ya kijivu yakionekana, kimepitia moto. Yasipoonekana, uliza maswali.

Safari kutoka Mombasa au Nairobi hadi Mokowe, kisha boti, ndiyo inayovunja vingi. Kioo kisafiri kimesimama kwa ukingo, kimeegemea mbao iliyoinama kidogo, na vipande vya kizibo kati ya kimoja na kingine. Asikilaze mtu hata kwa dakika kumi za kuvuka. Kisifungwe karatasi ya nailoni iliyobana, kwa sababu unyevu ukinaswa kati ya vioo hutia ukungu usiofutika. Kikirushiwa maji ya bahari botini, kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, na baadaye hivyo hivyo fremu, mara moja kwa wiki wakati wa kusi. Ukisafisha, mwaga maji kwanza ndipo upitishe kitambaa. Mchanga wa Shela ukisuguliwa mkavu unakwaruza.

Kuhusu kanga. Hapa utando ni EVA, ambao hauhitaji tanuri la shinikizo. Mfuko wa kunyonya hewa na tanuri la nyuzi 120 hadi 135 vinatosha, kwa hiyo karakana ndogo huweza. Kanga iwe ya pamba tupu, maana ya nailoni hujikunja motoni. Ifue mara mbili kuondoa wanga wa kiwandani, usitie dawa ya kulainisha, kisha ipige pasi, iingie kwenye vioo ingali moto, kwa sababu pamba huvuta unyevu wa hewa ndani ya dakika chache na unyevu huo ndio vipovu vya kesho. Utando uwekwe pande zote mbili za kitambaa, na kitambaa kiishie milimita 15 kabla ya ukingo wa kioo kila upande, ili utando ushikane wenyewe kwa wenyewe pale. Ukiachia nyuzi zifike ukingoni, zitanyonya maji kama utambi.

Utando huzuia miale mikali, lakini mwanga wa kawaida bado hufifisha rangi za kanga, nyekundu kwanza. Iweke kwenye mlango wa ndani au kizuizi cha bafu, si juani. Kanga ina mita 1.5 kwa 1.1 hivi, kwa hiyo pima kioo kutokana na kanga, si kanga kutokana na kioo, la sivyo fundi atakata pindo. Na amua mapema jina lisomwe kutoka upande upi: wa upande wa pili atalisoma kinyume. Wengine hutia kanga mbili, doti nzima, zimepeana mgongo na utando mweupe katikati, kila upande ukasomeka. Unene wa kitambaa unaongezeka, kwa hiyo waombe watumie tabaka mbili za utando kila upande badala ya moja, na joto lipandishwe polepole zaidi, vinginevyo katikati ya doti patabaki michirizi mikavu ambayo gundi haikufika.